Nani Alipe Gharama ya Kusubiri?

Mwanzoni mwa 2017 mjomba wangu alinipigia simu kutoka Kipini. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni Nairobi, nimekaa maktaba, na si kawaida yake kupiga mchana. Mjomba hupiga baada ya isha, akishakula. Nikatoka nje mbio. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za kila mtu nyumbani, akaniuliza swali ambalo ninaishi nalo mpaka leo.

"Mwanangu, maji yana chumvi mpaka kwenye miembe. Wewe ndiye unayesoma mambo ya bahari kwa kompyuta. Hebu niambie: chumvi hii inapita, ama imekuja kukaa?"

Kwa ambaye hajafika kwetu: Kipini ni pale mto Tana unapomalizia safari yake na kuingia Bahari ya Hindi. Shamba la mjomba liko juu kidogo ya mdomo wa mto, upande wa Ozi, na wakulima wa huko wana ujanja wao wa zamani. Hawahitaji pampu. Bamvua ikifika, bahari huinuka na kuusukuma mto nyuma. Maji matamu hukosa pa kwenda, yakapanda na kuingia kwenye majaruba ya mpunga. Yakishaingia, mtu anaziba mfereji, bahari inapwa, mpunga umekunywa. Kwa hivyo mkulima wa kwetu anategemea bahari kila siku, lakini bahari iliyokaa mahali pake. Mto ukiwa na nguvu, bamvua huleta maji matamu. Mto ukidhoofika, bamvua ile ile, kwenye mfereji ule ule, huleta chumvi.

Mwaka huo ulikuwa wa ukame. Mjomba alikuwa ameuza mashua yake na ana pesa mkononi. Jirani zake wawili walishaamua kuhamia juu zaidi ya mto, wakakodi ardhi huko. Yeye alitaka kujua kama awafuate ama abaki.

Nikamwambia abaki. Nakumbuka maneno yenyewe: "Mjomba, bahari ina mzunguko wake. Subiri tu."

Sikumdanganya. Wiki ile ile darasani tulikuwa tumefundishwa jambo lililonishangaza sana. Watu wanaotengeneza modeli za tabianchi, yaani programu kubwa za kompyuta zinazoiga bahari, upepo, mvua na jua, huanza na jaribio moja la ajabu. Wanachukua dunia yao ya namba na kuifunga kwenye hali ya hewa ya mwaka 1850: moshi hauongezeki, gesi haziongezeki, jua ni lile lile. Halafu wanaiacha iende yenyewe kwa miaka 500 au zaidi. Wanachotaka kuona ni kile bahari inachofanya ikiachwa peke yake.

Na haitulii. Kuna miongo inapata joto, kuna miongo inapoa. Mikondo mikubwa inaongeza kasi, kisha inapunguza. Mwaka 1993 Thomas Delworth na wenzake walionyesha kwamba katika modeli yao mzunguko mkubwa wa maji ya Atlantiki ulipanda na kushuka kwa mawimbi ya kama miaka 50, bila mtu yeyote kuugusa. Sababu yake ilikuwa imeelezwa tayari mwaka 1976 na Mjerumani Klaus Hasselmann. Upepo hauna kumbukumbu. Wa leo haujui wa juzi. Lakini bahari ni nzito na inaweka joto, hivyo kila kipigo kidogo cha upepo hubaki ndani yake kwa muda. Vipigo vya kubahatisha vikijumlishana, bahari huyumba polepole kwa miaka na miongo, kama jahazi lililosheheni linavyochelewa kuanza kuyumba na kuchelewa kutulia. Mwaka 2021 Hasselmann alishiriki tuzo ya Nobel ya fizikia na Syukuro Manabe, ambaye pamoja na Kirk Bryan walikuwa wa kwanza, mwaka 1969, kuunganisha bahari na anga ndani ya modeli moja.

Mimi mtoto wa Kipini niliyapokea hayo kama habari za nyumbani. Kwetu tumelelewa tukijua kwamba bahari ikienda hurudi. Kusi inavuma, kaskazi inavuma. Mkondo wa Somalia wenyewe hugeuza njia ukifuata pepo: wakati wa kusi unapanda kaskazini, wakati wa kaskazi unateremka mpaka unakutana na mkondo wa pwani yetu, na yote miwili inageukia mashariki, baharini. Mvua zetu nazo zina mchezo wa namna hiyo. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakipata joto na yale ya upande wa Sumatra yakipoa, vuli yetu hufurika, kama mwaka 1961, kama 1997, kama 2019. Hali hiyo inaitwa dipoli ya Bahari ya Hindi. Jina lenyewe limetolewa mwaka 1999 tu, ingawa wazee walijua siku nyingi kwamba kuna miaka ya maji na miaka ya vumbi.

Basi nilimwambia mjomba asubiri, na sayansi ilikuwa upande wangu, na mila pia.

Kilichofuata ndicho kilichoniharibu. Masika ya 2018 ilikuja kwa fujo, Tana ukafurika, delta nzima ikalala majini. Watu walipoteza mali na wengine makazi. Lakini maji yalipopungua, chumvi ilikuwa imesukumwa nje. Mjomba alinipigia usiku, safari hii anacheka: "Ulisema kweli, bana. Kusoma ni kuzuri." Pesa ya mashua akaitumia kununua mbegu na kulipa vibarua wa kufukua mifereji. Akapanda. Akavuna mara mbili.

Halafu, kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ikafuatana bila mvua ya maana. Chumvi ikarudi, ikapita pale ilipofika mwanzo. Mpunga ulikufa kwanza. Miembe ilichukua muda zaidi: majani yakaungua kingo, kisha matawi, kisha shina. Ilikuwa kumi na mmoja, mingine ilipandwa na babu yake. Kufikia mwisho wa 2022 ulikuwa umebaki mmoja, nao hauzai. Zile pesa za kuhamia juu ya mto hazipo tena. Wale jirani wawili wanaendelea kulima.

Mjomba hajanilaumu hata siku moja. Anasema ni kudura. Mimi ndiye ninayejilaumu, na nimejaribu kutafuta hasa kosa langu lilikuwa wapi, maana nikisema tu "nilikosea utabiri" nitakuwa nimejisamehe mapema. Hakuna aliyekuwa na utabiri wa uhakika. Kosa lilikuwa kwingine.

Ngoja nianze na utabiri wenyewe. Ukanda wetu una kitendawili ambacho watafiti wanakijua vizuri. Tangu miaka ya 1980 hadi kama 2010 mvua za masika Afrika Mashariki zilikuwa zinapungua. Wakati huo huo modeli nyingi zilikuwa zinasema kwamba dunia ikizidi joto, sisi tutapata mvua nyingi zaidi. Nani anasema kweli, gunia ama mzani? Wengine walisema modeli zina kasoro. Wengine walisema hapana, ni Pasifiki na Bahari ya Hindi zinayumba kwa mizunguko yao ya miongo, na mwelekeo wa mbali bado ni wa mvua. Kisha zikaja masika nzito za 2018, 2020 na 2024, na katikati yake ukame mbaya. Yaani mtu aliyekuwa akitafuta jibu la ndiyo ama la, alipata yote mawili kwa zamu.

Tena modeli hizo hazimuoni mjomba. Nyingi hugawa dunia katika miraba yenye upande wa kama kilomita 100. Kutoka Kipini hadi Malindi kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 90. Mraba mmoja unameza ghuba yote ya Ungwana, mikoko, Ozi, mdomo wa mto na majaruba ya mpunga, halafu unatoa namba moja. Sisemi hivyo kuzikejeli. Zinajibu maswali makubwa ya bahari nzima. Mimi ndiye niliyechukua jibu la bahari nzima na kumpa mtu mwenye miembe kumi na mmoja.

Ila bado hapo sijafika kwenye kosa lenyewe. Kosa liko kwenye neno nililolitumia. Nilipomwambia "bahari ina mzunguko wake", nilikuwa natoa maelezo ya chanzo: kwamba mabadiliko haya huenda yametokea yenyewe. Lakini nilichomalizia, "subiri tu", ni amri. Nimeruka kutoka "hakuna aliyefanya" hadi "hakuna la kufanya" bila hata kupumua katikati. Na ukichunguza utaona tunaruka hivyo kila siku. Mtu akisema jambo ni la asili, tunasikia kwamba halina wa kuulizwa.

Kwanza, mambo hayajitengi vizuri namna hiyo. Huko Malindi, ndani ya mbuga ya bahari, kuna matumbawe makubwa yanayokua tabaka kwa tabaka, mwaka kwa mwaka, kama pete za mti. Mwaka 2000 watafiti walichapisha walichosoma ndani ya tumbawe moja lenye kumbukumbu ya miaka 194, mpaka 1801. Walikuta joto la bahari yetu likipanda na kushuka kwa miongo, likifuata mayumbo ya Pasifiki, na juu ya mayumbo hayo joto lenyewe likiongezeka. Mwaka 2007 watafiti wengine walichapisha walichopima katika tumbawe la Malindi lenye miaka 300: madini ya bariamu, ambayo huletwa na udongo wa mto Sabaki. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa cha chini. Kuanzia mwanzo wa karne ya 20, ukulima wa enzi ya ukoloni ulipopanuka bara, kikapanda. Fikiria hilo: matumbawe ya mahali pamoja yameandika pumzi ya bahari na jembe la binadamu, katika mawe ya aina moja.

Hata huo ukame wa 2020 hadi 2022 uko hivyo. La Niña, ambayo ni mayumbo ya Pasifiki, ilichangia kuzuia mvua. Lakini kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilipofanya hesabu mwaka 2023, lilisema joto tuliloliongeza sisi binadamu, kwa kukausha udongo na mimea, lilifanya ukame wa namna ile uwezekane angalau mara 100 zaidi. Bahari ilipiga, na sisi tulikuwa tumeshaongeza uzito wa ngumi.

Na mto wenyewe? Tana haukuwa ukitokea Kipini kwa wingi huu zamani. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuuunganisha Tana na Ozi, na mto ukaupenda mfereji, ukaacha njia yake ya awali. Kwa hivyo maji matamu ambayo babu wa mjomba alipandia miembe, yaliletwa na majembe. Kisha yakaja mabwawa huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Yanazalisha umeme, na umeme huo ndio uliowasha kompyuta niliyosomea mayumbo ya bahari. Pia yamebadilisha yale mafuriko ya msimu yaliyokuwa yakiteremka kwa nguvu na kuisukuma bahari irudi kwake.

Kwa hivyo sitaki kusikia tena "ni asili" ikitumiwa kama mtu anayefunga mlango. Bahari kuyumba si kosa la mtu. Lakini mtu wa Ozi alikuwa na uwezo wa kuvumilia mayumbo hayo: mafuriko ya kuosha udongo, ardhi ya kuhamia juu kidogo, mashua ya kuuza, miembe ya kuvusha mwaka mbaya. Kila kimoja kikipungua, mayumbo yale yale yanakuwa maafa. Na kila kimoja kilipungua kwa uamuzi wa mtu fulani, mahali fulani. Kimoja kilipungua kwa uamuzi wangu.

Najua utaniuliza: sasa ulitaka umwambie ahame? Kama chumvi ingeondoka kweli, je? Angeacha shamba la babu zake bure, akose mavuno mawili ya baada ya 2018, halafu akulaumu kwa hilo. Ni kweli. Kupiga mbiu ya hatari kila bahari inapopumua ni kosa pia. Watu huchoka, wakaacha kusikiliza hata siku ya hatari yenyewe. Si mbali na Kipini kuna magofu ya Ungwana, mji wenye misikiti ya mawe uliohamwa karne kama nne zilizopita. Kuacha mahali si jambo dogo. Kuna makaburi. Kuna majina ya vichochoro ambayo hayahamishiki.

Lakini makosa hayo mawili hayana bei moja, na hayalipwi na mtu mmoja. Angehama halafu chumvi ikaondoka, angepoteza kodi ya ardhi ya misimu miwili mitatu na angeweza kurudi. Alibaki, chumvi ikakaa, akapoteza miti ambayo haiwezi kurudishwa katika umri wake. Kosa moja lina mlango wa kurudia, jingine halina. Hilo ningeweza kumwambia mwaka 2017 bila kujua hata chembe kuhusu kesho. Halikuhitaji kompyuta kubwa, lilihitaji nikae upande wake wa simu kwa dakika tano.

Na kuna la pili, ambalo ndilo linaniuma zaidi. Nilipomwambia asubiri, nani alikuwa anasubiri? Mimi sikusubiri kitu. Nilirudi maktaba, nikafanya mtihani, nikapita, nikapata kazi. Gharama yote ya mimi kuwa na makosa ilikaa Ozi. Ningekuwa na mwembe hata mmoja pale, mwembe wangu, ningepima maneno yangu kwa mzani mwingine. Nadhani hii ndiyo kanuni niliyoipata kutoka kwenye hasara hii, na siidai kuwa kubwa: anayemwambia mwenzake "subiri" awe tayari kulipia sehemu ya kusubiri kwenyewe. Akiwa hayuko tayari, basi hashauri, anajiondolea usumbufu tu.

Ukitazama kwa macho hayo, maneno mengi tunayoyasikia yanabadilika sura. Nchi zilizotajirika kwa makaa na mafuta zikisema uchunguzi zaidi unahitajika kabla ya kulipa fidia, zinamwambia mtu asubiri kwa gharama yake. Ofisi ikisema takwimu za delta hazitoshi kuamua kiasi gani cha maji kiachiliwe, ni hivyo hivyo. Huenda takwimu kweli hazitoshi. Mimi ni mtu wa takwimu, najua zinavyokosekana. Lakini wakati sisi tunakusanya, chumvi haiko likizo. Hali ya kutojua nayo ina mtu anayeibeba mgongoni, na mara nyingi mtu huyo hajaulizwa.

Desemba iliyopita nilienda nyumbani. Nilifika Kipini jioni, maji yamejaa, mitumbwi imefungwa. Asubuhi mjomba akanipeleka shambani. Mwembe uliobaki bado umesimama, amefunga ng'ombe chini yake. Akachota maji ya mfereji kwa kiganja, akaonja, akatema. Akaniambia anafikiria minazi, maana mnazi huvumilia chumvi kuliko mwembe. Mnazi wetu mrefu wa kienyeji huchukua kama miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Yeye ana miaka sitini na saba.

"Wewe waonaje?" akaniuliza. "Nipande, ama nisubiri kwanza nione maji yataamuaje?"

Sikumtajia mizunguko. Nilimwambia kile ninachokijua: kwamba bahari inapanda, karibu sentimita 20 kwa wastani wa dunia tangu 1901, na hiyo haiendi popote, kwamba juu ya hiyo bado itayumba, itakuja miaka ya maji matamu itakayotupa matumaini ya uongo na miaka ya chumvi itakayotutisha kupita kiasi, na kwamba sijui mwaka ujao ni wa aina gani. Kisha nikamuuliza miche mia moja na vibarua ni pesa ngapi. Akanitajia. Nikamwambia nusu ni yangu, na zikifa, nusu ya hasara ni yangu pia.

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka kile kicheko chake cha simu ya 2018.

"Kwa hivyo safari hii," akasema, "tunasubiri sote."